Ukimwita Mara Moja, Anakuja? Mfundishe Mbwa Wako Utiifu na Mbio za Vikwazo

Katika somo la leo tunamleta uwanjani mwanamichezo wa miguu minne. Usicheke, maana huenda yuko hapo hapo nyumbani kwenu, amelala chini ya mwembe.

Kama unaishi Shinyanga, Kahama, Geita au kijiji chochote cha ukanda huu, mbwa unamjua. Usiku analinda boma, mchana anafuata ng'ombe malishoni, na akikosea anarushiwa jiwe. Sasa jiulize: ukimwita mara moja tu, anakuja?

Swali hili si dogo. Mbwa asiyekuja anapoitwa anaweza kuvuka barabara ya lami wakati lori linapita. Anaweza kumkimbilia mtoto wa jirani anayetoka kuteka maji. Anaweza kupigana na mbwa mgeni mwenye kichaa, kisha akarudi na ugonjwa nyumbani kwenu. Neno moja, "njoo", likisikilizwa kwa wakati, linaweza kuokoa mbwa na hata mtu.

Kumbe duniani kuna michezo mizima iliyojengwa juu ya neno hilo. Tuiangalie, kisha tujifunze namna ya kuanza.

MICHEZO HII ILITOKA WAPI?

Kuna michezo miwili inayokwenda pamoja.

Wa kwanza ni mashindano ya utiifu. Mbwa anaonyesha kwamba anatembea sambamba na mwenzake bila kuvuta kamba, anakaa, analala, anabaki alipoachwa, na anakuja akiitwa. Mwaka 1933, huko Marekani karibu na New York, mama mmoja aitwaye Helen Whitehouse Walker aliandaa mashindano ya namna hiyo. Alikuwa akifuga mbwa wa manyoya yaliyojikunja waitwao pudeli, ambao watu waliwaona kama mapambo tu. Alitaka kuonyesha kwamba wana akili. Alifaulu, na mchezo ukaenea.

Wa pili ni mbio za vikwazo. Mbwa anaruka miti, anapita ndani ya handaki, anapenya kati ya fito na kupanda mbao, huku mtu wake anakimbia pembeni akimwelekeza kwa sauti na mikono. Hamgusi wala hamvuti. Mbio hizi zilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, Uingereza, mwaka 1978. Waandaaji walikuwa wanatafuta kitu cha kuwachangamsha watazamaji katikati ya ratiba. Watazamaji wakapenda mno! Mwaka 1996 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Uswisi.

Hapa Afrika Mashariki, kuna chama cha wafugaji wa mbwa kiitwacho East Africa Kennel Club, chenye makao yake Nairobi, na huandaa maonyesho ya mbwa. Lakini huna haja ya kusubiri chama kije kijijini kwenu. Unahitaji mbwa mmoja, kamba moja, dagaa wachache na uvumilivu mwingi.

JIFUNZE KWA PANYA WA MOROGORO

Je, wajua kwamba baadhi ya wanyama waliofunzwa vizuri kuliko wote duniani wametoka Tanzania? Na wala si mbwa. Ni panya buku!

Shirika la APOPO, lililo pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, huwafundisha panya kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia kunusa makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Panya mmoja aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia na akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la kutunza wanyama, PDSA, lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa. Alistaafu mwaka 2021 na kufa mwaka 2022.

Walimfundishaje? Kwa fimbo? Hapana. Panya akifanya sawasawa, anasikia mlio mfupi wa "tik", na papo hapo anapewa chakula anachokipenda, kama ndizi. Akikosea, hapigwi. Hapati kitu, basi. Baada ya kurudia mara nyingi, panya anaelewa: "Nikifanya hivi, napata. Nikifanya vile, sipati."

Siri yote iko hapo. Mnyama hurudia jambo linalomlipa. Mbwa anayepigwa hajifunzi kuja, anajifunza kukuogopa. Tena mbwa mwenye hofu ndiye mwepesi wa kuuma.

KWANZA KABISA: CHANJO

Kabla ya kumfundisha chochote, uliza nyumbani: mbwa wetu amechanjwa? Lini?

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vinaingia kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani ni wewe na wadogo zako.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa hushindwa kuendelea kuenea. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa zimekuwa zikifanyika kwa miaka mingi. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3, na kurudiwa kila mwaka au kama mtaalamu atakavyoelekeza. Mwone afisa mifugo wa kata yako. Omba cheti, kitunze vizuri. Utakihitaji baadaye katika somo hili!

UKIUMWA, USIFICHE!

Vijana wengi huficha kwa sababu wanaogopa kugombezwa, au wanaogopa mbwa wao atauawa. Usifanye hivyo. Hata kama ni mbwa wenu, hata kama ni alama ndogo tu:

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Usipake majivu, chumvi wala mafuta.

2. Mwambie mtu mzima na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

3. Ukianzishiwa sindano za chanjo, maliza zote kwa tarehe ulizopangiwa, hata kama kidonda kimepona.

4. Toa taarifa kwa afisa mifugo. Mbwa mwenye mwenyewe anaweza kufungwa na kuchunguzwa kwa siku 10.

HATUA KWA HATUA: MASOMO MATANO YA UTIIFU

Tumwite mbwa wetu Simba. Tafuta mahali patulivu. Beba dagaa wakavu wasio na chumvi, uliowakata vipande vidogo sana. Fundisha kabla Simba hajala, asubuhi au jioni. Dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Ukizidisha, mtachoka wote wawili.

Chagua pia neno moja la kumjulisha kwamba amepatia. Sema "ndiyo!" kwa sauti kali na fupi. Neno hilo ndilo "tik" yako. Liseme sekunde ile ile anapofanya sawasawa, kisha mpe dagaa. Ukichelewa, hatajua analipwa kwa lipi.

Somo la 1: Jina. Ita "Simba!" mara moja. Akikutazama tu, "ndiyo!", dagaa. Rudia mara kumi.

Somo la 2: Kaa. Shika dagaa mbele ya pua yake, kisha usogeze mkono polepole kuelekea juu ya kichwa na nyuma. Pua itainuka, makalio yatashuka. Yakigusa ardhi, "ndiyo!" Usimsukume mgongo. Akishazoea, ndipo uongeze neno "kaa".

Somo la 3: Baki. Akiwa amekaa, nyoosha kiganja, sema "baki", subiri sekunde 2, mlipe. Kesho sekunde 5. Keshokutwa piga hatua moja nyuma. Ongeza muda au umbali, usiongeze vyote kwa pamoja. Akinyanyuka, usimfokee. Ulikwenda haraka mno, rudi nyuma kidogo.

Somo la 4: Njoo. Hili ndilo somo kubwa. Mfunge kamba ndefu ya mita 5 hivi. Chuchumaa, ita kwa furaha "Simba, njoo!" Akifika, mlipe vizuri kuliko siku zote. Kisha mwachie aendelee kucheza. Na sheria ya chuma ni hii: usimwite mbwa kamwe ili umpige. Umemwita, amekuja, umemchapa. Je, wewe ungekuja mara ya pili?

Somo la 5: Twende. Mweke upande wako wa kushoto, kama inavyofanyika kwenye mashindano. Piga hatua mbili. Kamba ikiwa imelegea, mlipe pale pale kwenye goti lako. Akivuta, simama kama mti. Kamba ikilegea, endeleeni.

Masomo haya matano yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Usione noma. Mbwa wengine wana kasi, wengine pole pole, kama sisi darasani.

SASA TUTENGENEZE UWANJA

Vikwazo vya madukani ni ghali, lakini vya kwetu vinatengenezeka kwa vitu vilivyopo.

Miti ya kuruka: Panga matofali pande mbili, kisha laza ufito juu yake. Usiufunge! Ni lazima uanguke ukiguswa, ili mbwa asiumie. Anza na ufito ukiwa chini kabisa ardhini, kisha sentimita 10. Kwa mafunzo ya kawaida, usipite kimo cha viwiko vya mbwa.

Fito za kupenya: Simika fito 6 kwenye mstari mmoja, kila moja ikiwa sentimita 60 kutoka kwa mwenzake. Mwongoze kwa dagaa aingie kulia na kutoka kushoto kama nyoka.

Handaki: Shona magunia pamoja na uyatandaze juu ya fito zilizopindwa. Anza na handaki fupi la mita moja. Rafiki yako amshike Simba upande huu, wewe mwite ukiwa upande ule. Unaona? "Njoo" imekuja tena!

Jukwaa la kusubiri: Ubao mpana juu ya matofali, usioyumba. Mbwa anapanda, anakaa sekunde 5, anashuka.

Mbao ndefu za kupanda juu na ubao wa kuyumba kama bembea viacheni hadi mpate mtu mwenye uzoefu. Mbwa akianguka mara moja, hofu inaweza kukaa miezi.

Angalizo: mifupa ya mbwa mdogo haijakomaa. Mtoto wa mbwa ajifunze utiifu na kupita juu ya ufito uliolala chini, lakini asirukeruke kwenda juu. Kwenye mashindano ya kimataifa, mbwa haruhusiwi kushindana mbio za vikwazo kabla ya kufikisha miezi 18.

ANGALIA MAHALI UNAPOFANYIA

Ukanda wetu una mambo yake. Soma kwa makini.

Migodini: Usimpeleke mbwa kufanya mazoezi kwenye machimbo. Kuna maduara yaliyoachwa wazi, na mbwa anayekimbia haoni shimo, wala wewe unayemfukuzia. Pia kaa mbali na mialo ya kuoshea dhahabu na marundo ya marudio. Hapo panaweza kuwa na zebaki, na kwenye mabwawa ya kuchenjulia panaweza kuwa na sianidi. Ni sumu kwako na kwa mbwa. Asinywe maji ya hapo hata tone.

Jua: Mbwa hatoi jasho mwilini kama wewe. Anapoza mwili kwa kuhema. Weka kiganja chako ardhini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, ujue hata nyayo zake zinaungua. Akihema kupita kiasi au akiyumba, acha mara moja, mpeleke kivulini, mloweshe kwa maji na umpe anywe.

Majirani: Si kila mtu anapenda mbwa. Wengine wanaogopa, na wengine dini yao inawataka wajiepushe na mate ya mbwa. Waheshimu. Mbwa awe na kamba mnapopita njiani. Mkimaliza, zoa kinyesi na ukifukie, kisha nawa mikono kwa sabuni, maana kinyesi cha mbwa kinaweza kuwa na mayai ya minyoo.

MASWALI YENU

"Mbwa wetu ni wa kienyeji tu. Ataweza?"

Ataweza sana. Mbwa wa kienyeji ni mwepesi, amezoea jua na kukimbia. Hata nchini Marekani, klabu kubwa ya mbwa iliyokuwa ikipokea mbwa wa ukoo maalumu peke yake ilianza kuruhusu mbwa mchanganyiko kushindana mwaka 2010.

"Baba anasema mbwa asiyepigwa hana adabu."

Usibishane na mzee. Mwombe wiki mbili tu, halafu mwite Simba mbele yake. Matokeo yatasema yenyewe. Ukipata nafasi, mweleze kwa heshima kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatesa wanyama.

"Mimi ni msichana. Wenzangu wananicheka, eti mbwa ni mambo ya wavulana."

Waambie mashindano ya utiifu yalianzishwa na mama. Katika mbio za vikwazo wanawake na wanaume hushindana pamoja, kwenye uwanja mmoja, kwa sheria zile zile. Nguvu za mikono hazisaidii kitu hapa. Kinachosaidia ni subira.

"Nitapata faida gani maishani?"

Kwanza, utajifunza kuzuia hasira, na hilo si jambo dogo. Pili, zipo kazi. Jeshi la Polisi Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi. Kampuni za ulinzi hutumia mbwa. Wapo mbwa waliofunzwa karibu na Arusha kunusa meno ya tembo yanayosafirishwa kwa magendo. Kila mbwa wa namna hiyo ana mtu anayemwongoza. Na ukipenda kusomea udaktari wa mifugo, umeshaanza.

ANZISHENI MASHINDANO SHULENI

Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni kumbukumbu ya siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895. Yeye na wenzake ndio waliotengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu, iliyotumika kwa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwaka 1885. Mtoto yule akapona.

Kwa nini msiitumie siku hiyo? Ongeeni na mwalimu wa michezo na mwalimu wa baiolojia. Mwalikeni afisa mifugo aje. Kisha wekeni sheria hizi:

1. Tiketi ya kuingia ni cheti cha chanjo. Hakuna cheti, hakuna kushindana. Mbwa aliyechanjwa siku hiyo hiyo apumzike na kutazama.

2. Mbwa wote wawe na kamba isipokuwa aliye uwanjani. Mbwa mkali abaki nyumbani.

3. Utiifu: kaa, baki kwa sekunde 10, njoo, twende. Kila jambo alama 10.

4. Vikwazo: ufito ukianguka, makosa 5. Mbwa akikataa kikwazo, makosa 5. Akikataa mara ya tatu, ametoka. Mwenye makosa machache ndiye mshindi. Wakilingana, mwenye muda mfupi.

5. Anayempiga au kumfokea mbwa wake anatolewa, hata kama anaongoza.

Fikiria mbwa 15 wakishindana. Hao ni mbwa 15 waliochanjwa, na wanakuja wanapoitwa. Kwa kijiji kimoja, huo si mchezo tu.

JIPIME

1. Unasema "ndiyo!" wakati gani?

2. Simba amekimbia, umemwita mara tano, sasa amekuja. Unafanya nini?

3. Mbwa wenu amekukwaruza kwa jino mkicheza. Damu kidogo tu. Unafanya nini?

4. Ufito wa kuruka unafungwa kwa kamba ili usianguke. Kweli au si kweli?

5. Mbwa mwenye miezi 6 anaruhusiwa kurukishwa juu. Kweli au si kweli?

Majibu: (1) Sekunde ile ile anapofanya sawasawa. (2) Mlipe, hata kama umekasirika. Kesho fanya mazoezi kwa kamba ndefu. (3) Osha kwa sabuni na maji dakika 15, sema nyumbani, nenda kituo cha afya leo. (4) Si kweli. (5) Si kweli.

Umepata 5? Safi sana. Umekosa la 3? Rudi ukalisome tena kabla hujagusa kamba. Kisha chukua dagaa wako, toka nje, na uanze na jina.